Mfalme wa Nambari 114

Jumanne saa nne asubuhi mashine ya fotokopi ilimeza karatasi ya tatu, na Wanjugu, badala ya kuifungua, aliketi amalizie maoni yake juu ya riwaya ya mfalme aliyekufa. Duka lake la kupiga chapa liko mtaa wa Bondeni, Nakuru, kati ya fundi wa viatu na mama anayeuza mitumba ya watoto. Wateja wawili walikuwa wakingoja nakala za vyeti vya kuzaliwa. Aliwaambia mashine inapumzika. Walikubali, maana mashine za Bondeni hupumzika.

Maoni hayo hayakuwa ya hiari. Kibii, anayepanga vitabu vikuukuu juu ya meza mbili karibu na soko, ana utaratibu wake. Unabeba kitabu bure, unakaa nacho wiki mbili, na unakirudisha pamoja na ukurasa mmoja wa maoni yako, ulioandikwa kwa mkono, ambao yeye huubana kwa pini ndani ya jalada la nyuma ili atakayefuata ajue anabeba nini. Asiyeandika hapewi kingine. Anayeandika "kizuri sana" na kuishia hapo hurudishwa nyumbani kama mtoto aliyekuja shule bila daftari.

Mwezi wa tatu Kibii alipata sanduku la riwaya mpya za njozi: falme, mazimwi, miji iliyo chini ya bahari, wasichana wanaosoma mawazo ya nyota. Wanjugu alikuwa amemaliza kumi na moja. Alizipenda sana, na ndiyo maana alizigombeza. Aliandika kwamba katika riwaya za siku hizi kila mtu ana majaliwa makubwa na hakuna aliye na binamu. Aliandika kwamba kuna nchi yenye miezi mitatu angani na hakuna mkulima hata mmoja anayeuliza apande kwa kufuata upi. Vita vinakwenda vitabu sita bila mtu kuvuna, na jeshi linakula mkate kila jioni. Zimwi la ukubwa wa kanisa linalala juu ya mji miaka arobaini, na mwandishi hasemi ni nani anayezoa kinyesi. Zaidi ya yote alilalamikia ramani. Kila riwaya ina ramani mbele, yenye milima na majina ya kupendeza, na katika kurasa mia sita hakuna mtu anayeuliza ni nani aliyepima.

Malalamiko hayo hayakuleta matata. Matata yaliletwa na neno "siamini". Chochote ambacho msomaji aliandika kwa dhati kwamba hakiamini, katika ukurasa uliobanwa na Kibii, kilitoka kitabuni kesho yake asubuhi kuja kujionyesha.

Wa kwanza alikuwa farasi. Wanjugu aliandika kwamba haamini farasi anaweza kukimbia siku saba bila kula, na kwamba mwandishi yule hajawahi kufuga hata kuku. Kesho yake farasi alikuwa amesimama mbele ya duka, mweusi, ameloa jasho, akikataa nyasi alizoletewa. Askari mmoja wa mji alikuja akauliza ni wa nani. Aliposikia ametoka kitabuni, alitoa daftari akamwandikia kibali cha kusimama hapo. Kilichomchanganya Wanjugu ni kile kibali, kwa sababu yeye alikuwa amengojea kibali cha ubao wa duka lake miezi minane.

Kisha aliandika kwamba haamini mto unaopanda mlima. Mto ukatokea upande wa ziwa, ukapita Section 58 nyuma ya nyumba anayopanga, ukaendelea kupanda kuelekea Menengai bila haraka. Mabomba yalikuwa makavu tangu Jumapili, hivyo watu walifua. Waliosuuzia upande wa juu waligundua kwamba povu la walio chini linawafuata, wakahamia upande wa chini. Kabla ya wiki kuisha wapimaji walikuja na vyombo vyao wakauingiza katika ramani ya mtaa, kwa jina lake la kitabuni. Naye Chepkemboi, muuguzi, msomaji wa Kibii anayesoma kuliko wote na kukubali machache kuliko wote, aliandika kwamba haamini kuna ndege ajuaye siku ya kufa ya kila mtu. Ndege huyo sasa anakaa juu ya lango la ploti yao. Hasemi kitu, na mwenye nyumba amemwandika katika orodha ya wapangaji.

Kwa hiyo kila kilichotoka kitabuni kilipokewa vizuri na kupewa karatasi. Jambo hili lilimsumbua Wanjugu usiku na mchana, kwa sababu ya mama yake.

Mama yake, Njoki, analima Rongai, katika shamba lililokuwa la mzungu ambalo watu mia mbili walijiunga katika kampuni wakalinunua. Mwaka wa themanini na sita wanachama walipanga mstari, kofia ikapitishwa, kila mmoja akachomoa karatasi ya kura yenye nambari ya shamba lake. Njoki alichomoa 114. Yeye na mumewe walizungushia matoka, yale maua ya mpaka ambayo watu wa kwao hupanda kwa kuwa hayafi na hayahami, wakajenga, wakapanda mahindi na maharagwe. Mpimaji alikuja mwaka wa tisini, na aliandika wale tu aliowakuta wamesimama kwenye mipaka yao. Siku hiyo Njoki alikuwa hospitalini akimzaa Wanjugu, na mumewe alikuwa nje ya mlango wa wodi ameshika blanketi. Kampuni iliwaambia wangoje awamu ya pili. Mume aliingoja miaka kumi na tisa, akafa, akazikwa kwenye kona ya shamba karibu na matoka. Njoki hataki makubwa. Anataka siku yake ikifika alazwe pale kando ya mumewe, na kabla ya hapo aachwe alime.

Mwaka huu kampuni ilitangaza kwamba orodha ya hati itafungwa mwisho wa mwezi wa sita, na shamba lisilokuwa kwenye ramani litahesabiwa kuwa ardhi tupu. Wanjugu alimsindikiza mama yake mpaka ofisi ya kampuni, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Karani, Waithaka, ni mtu wa adabu. Aliwapa viti, akakunjua ramani. Kati ya 113 na 115 palikuwa na nafasi nyeupe ya upana wa kucha.

"Mum, mimi sikatai," Waithaka alisema. "Lakini hii map inatoka 113 inaingia 115. Sasa nikuandike wapi?"

"Niandike hapo katikati," Njoki alisema. "Ndio mahali nalala."

"Hapo ni tupu."

"Nimetoka hapo leo asubuhi."

Alifungua Biblia akatoa karatasi ya kura, ambayo huiweka kwenye Zaburi, akailaza mezani. Waithaka aliitazama kwa heshima pande zote mbili. Alisema karatasi ni nzuri lakini yeye hawezi kuamini kitu ambacho ramani haikijui, na juu ya faili akaandika kwa kalamu nyekundu, "Haiaminiki." Wanjugu alipoliona neno hilo moyo wake uliruka. Alingoja mpaka kesho yake asubuhi, akangoja na kesho kutwa, aone kama shamba litajitokeza kwenye ramani ya kampuni jinsi mto ulivyojitokeza. Halikujitokeza. Inaonekana faili za kampuni hazina nguvu hiyo, na hakukuwa na mtu wa kumweleza kwa nini.

Hayo yalikuwa wiki moja kabla ya Jumanne ile ya mashine kukwama. Ukurasa aliomaliza siku hiyo ulisema: "Kitabu kina lugha tamu, na watu wanapika, jambo ninalolisifu. Ila siamini kwamba mtu aliyekufa miaka mia tatu anaweza kuendelea kupewa nchi. Walio hai walikuwa wapi?" Alimpelekea Kibii saa ya chakula cha mchana. Kibii aliusoma mara mbili, akaubana kwa pini.

Jumatano alipofika dukani, mfalme alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Alikuwa mwembamba, wa rangi ya jivu, amevaa joho lililoliwa na nondo, na alinuka kidogo kama kabati lisilofunguliwa. Alizungumza Kiswahili cha wasoma habari wa redio. Alisema angependa nakala mbili za ramani yake, za rangi. Ilikuwa ile ramani ya mwanzo wa kitabu. Wanjugu aliitoa, na mashine haikukwama hata mara moja. Mfalme alishukuru, akauliza watu wa mji huu hupewa ardhi wapi. Wanjugu akamwonyesha kwa kidole, ghorofa ya pili, mlango wa kijani, kama anavyomwonyesha kila anayeuliza. Baadaye alikilaumu kidole hicho wiki nzima.

Ijumaa mama yake alipiga simu. Alisema kuna watu wanapigilia vigingi kando ya matoka, na kuna mzee mmoja anayeonekana mgonjwa amesimama anawatazama. Aliuliza kama ni sawa awapikie chai.

Wanjugu alifunga duka akapanda ngazi mbili mbili. Waithaka alikuwa ameitandika ramani mezani, kana kwamba alimtarajia. Ile nafasi nyeupe ilikuwa imepakwa kijani. Ndani yake mlikuwa na milima midogo, mnara, jina la ufalme, na chini yake nambari 114.

"Huyu mtu amekufa," Wanjugu alisema.

"Najua. Iko kwa form."

"Miaka mia tatu, Waithaka."

"Madam, kwa hii list tuko na wafu wengi. Huyu angalau amekuja mwenyewe kusaini."

Aliendelea kumweleza, bila ubaya, kwamba mfalme alileta ramani kamili, yenye vipimo, mshale wa kaskazini na jina la mchoraji, na akaomba ardhi tupu. Ardhi tupu ilikuwa moja tu. Wanjugu aliuliza mama yake ataenda wapi. Waithaka alifikiri kweli kweli, kalamu mdomoni, akasema swali hilo halina mahali pake kwenye fomu. Kisha akamkumbusha kwamba orodha bado haijafungwa, na kwamba likitokea jambo la kuaminika kabla ya mwisho wa mwezi anaweza kulitazama.

Wanjugu alirudi Section 58 kichwa kikimzunguka. Aliketi kwenye ukingo wa mto akautazama ukipanda. Hakuelewa, na aliona aibu ya kutoelewa, yeye aliyewakosoa watunzi kumi na mmoja kwa kutofikiri vizuri. Farasi alitoka kitabuni akapewa kibali. Mto ulitoka kitabuni ukaingizwa kwenye ramani. Ndege ni mpangaji, mfalme ana shamba. Mama yake alitoka Rongai kwa miguu yake miwili, na hakuna aliyemwona. Basi kilichobaki ni mama yake naye atoke kitabuni.

Aliandika Jumamosi na Jumapili, katika daftari nene la kaunta buku, kurasa arobaini na nne. Hakubadilisha hata jina. Aliweka kofia, karatasi ya kura, wodi, blanketi, awamu ya pili, kaburi, Zaburi, kalamu nyekundu. Alimweka hata mfalme, na kidole kilichomwonyesha njia. Alishona jalada la katoni. Mbele alichora ramani, shamba la 114 katikati na matoka pande zote nne, na kwa kuwa ni yeye aliyewauliza watunzi siku zote ni nani aliyepima, aliandika chini yake: "Imepimwa na Njoki, kwa jembe."

Kibii alikipokea bila maswali mengi, akakiweka kwenye meza ya njozi. Alielewa mpango. Mtu mmoja tu asiyeamini angetosha.

Kibii ndiye aliyekisoma wa kwanza. Ukurasa wake ulisema anakiamini chote, na kwamba mjomba wake upande wa Molo ana nambari 67 na ramani ya huko inatoka 66 inaingia 68. Wa pili alikuwa Zeddy, mwalimu wa darasa la tano. Aliandika kwamba pale mume anaposimama na blanketi alilazimika kufunga kitabu atembee kidogo, na kwamba anaamini kila neno, ila angeshauri aya ziwe fupi. Wa tatu alikuwa mchungaji, aliyeandika "naamini" kwa herufi kubwa akaongeza aya ya Biblia.

Wanjugu alimwekea tumaini Chepkemboi. Chepkemboi aliwahi kukataa kuamini mawio ya jua katika riwaya moja kwa sababu yalichukua kurasa nne, na asubuhi iliyofuata jua lilichomoza polepole Nakuru nzima, watu wakachelewa kazini. Alikaa na kaunta buku siku tano. Alikirudisha mwenyewe dukani, amevaa sare, akitoka zamu, na ukurasa wake akaomba kuusoma kwa sauti.

"Nimetafuta mahali pa kukataa," alisoma. "Sijapata. Ile ya maiti kupewa shamba na mwenye shamba kunyimwa, hiyo ndiyo ya kweli kushinda zote. Tena sijaona njozi hapa. Sijui Kibii aliiweka meza hii kwa nini."

"Chepkemboi, si ungesema tu huamini?"

"Ningesema aje na naamini?"

Walijaribu, hata hivyo. Kibii aliandika "siamini" kwa mkono wake, akaubana ukurasa kwa pini mbili, na wakangoja. Asubuhi hakikutoka kitu, kwa sababu Kibii alikuwa akidanganya. Wanjugu alifikiri labda kitabu hakina mvuto wa kutosha, akaongeza zimwi katika ukurasa wa thelathini. Msomaji aliyefuata, fundi wa viatu, alisema mambo ya shamba anayaamini lakini zimwi haliamini, na kesho yake zimwi lilikuwa juu ya meza ya Kibii, dogo kiasi cha mbuzi, likikausha vitabu vilivyonyeshewa kwa pumzi yake ya moto. Lilipewa leseni ya biashara kabla ya saa sita.

Mwezi ulipoisha, watu tisa walikuwa wamesoma na wote tisa waliamini. Orodha ilifungwa siku ya Jumatatu. Kibii alimrudishia Wanjugu kaunta buku pamoja na kurasa zake tisa, akamwambia pole. Alisema hajui akiweke kwenye meza gani.

Jumamosi iliyofuata Wanjugu alikwenda Rongai. Vigingi vilifuata matoka sawasawa, maana mpimaji wa sasa aliona mpaka ulishapangwa vizuri. Mfalme alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ghala la mahindi, joho limekunjwa magotini lisichafuke. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai kilichopoa, maana hawezi kunywa. Njoki alikuwa ndani anafunga vyombo kwenye magunia. Sufuria ziliingia moja ndani ya nyingine, na kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa.

Wanjugu alimfuata mfalme kwanza. Alimwomba, kwa adabu yote aliyokuwa nayo, amwache mama yake mahali pale. Mfalme alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema angependa, ila raia wa ufalme wake ni wafu peke yao, ndivyo alivyoandikwa, ukurasa wa kumi na mbili. Mume wa Njoki hana shida. Ameshaandikishwa raia wa kwanza, na kaburi lake limechorwa kwenye ramani.

"Mama yako akishakufa, binti, na aje aombe," mfalme alisema. "Itakuwa rahisi."

Waithaka alikuwa amesema hivyo hivyo kwenye simu. Wanjugu alikwenda nyuma ya ghala akalia, kisha akanawa uso akaingia ndani.

"Maitu," Njoki alimwita, yaani mama, kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi. "Wale watu wako wa vitabu walisoma ile kitu?"

"Walisoma, mami."

"Walisema nini?"

Wanjugu alitazama magunia. Alitafuta namna ya kueleza jinsi mambo yalivyokwenda, ni nini kilichohitajika na ni nini kilichokosekana, akaona hata yeye hajui aanzie wapi.

"Waliamini," alisema.

"Wote?"

"Wote, mami. Watu tisa."

Njoki aliweka chini kamba aliyokuwa ameshika. Alikaa juu ya gunia la maharagwe, akaomba asomewe. Wanjugu alisoma ukurasa mmoja mmoja, wa Kibii na mjomba wake, wa Zeddy, wa mchungaji, wa fundi wa viatu, akaruka mahali pa zimwi. Njoki aliomba ule wa muuguzi urudiwe. Uliporudiwa alicheka kidogo, akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa.

"Miaka thelathini na nane," alisema. "Kumbe kuna watu wananiamini."

Alizikunja kurasa zote tisa, akafungua Biblia kwenye Zaburi, akaziweka pamoja na karatasi ya kura. Alikuwa na furaha, mtu yeyote angeiona. Kisha akatoka nje na mtungi, akamwonyesha mfalme jinsi matoka yanavyomwagiliwa wakati wa kiangazi, kidogo na kwenye shina. Mfalme aliahidi hatasahau, na Njoki akarudi kumsaidia binti yake kufunga gunia la mwisho.